Barua ya wazi kwa mdogo wangu, kuhusu picha ya Mama kule Jambiani

Mdogo wangu,

Assalaam alaikum. Sisi huku Ujiji ni wazima, na mambo ya shamba la michikichi nitakuandikia kwa simu kama kawaida. Hili la leo nimeona niliandike hadharani, kwa sababu wewe ulilisema hadharani: mara ya kwanza siku ya khitma ya Mama, uliposimama barazani wazee wote wa mtaa wakikusikiliza, na mara ya pili ulipoiweka ile picha mtandaoni na kuandika chini yake kwamba Mama alikuwa akiifurahia bahari. Watu wengi wamekupongeza, na wapo walioandika kwamba kila mwenye mzazi aliye hai auige mfano wako. Waliosoma la kwako wana haki ya kusoma na la kwangu.

Naanza na shukrani, maana unastahili. Ni wewe uliyelipa nauli ya treni ya kulala kutoka Kigoma, boti ya kuvukia Unguja, na vyumba katika ile nyumba ya wageni iliyo mita chache tu kutoka ufukweni. Mama alikataa basi kwa sababu ya miguu yake, akaifurahia treni kuliko hata nilivyotarajia, na tulipofika Tabora akanunua asali ya kumpelekea mkeo. Wifi alitupokea Dar es Salaam kwa heshima na mapenzi, na hilo nalisema mbele ya wote. Unajua vilevile kwamba Unguja haikuwa jina geni kwake. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilikuwa ikiishia hapa kwetu ziwani, na misafara ilipokwisha hadithi za bahari zilibaki majumbani. Bibi alimsimulia Mama, naye Mama akatusimulia sisi usiku umeme ulipokatika. Kwa hiyo ulipompigia simu na kumwambia, kwa sauti niliyoisikia mwenyewe kwa kuwa simu ilikuwa imewekwa spika, "Mama, nitakuingiza baharini kwa mkono wangu mwenyewe," uliahidi jambo ambalo alikuwa amelibeba tangu utoto.

Sasa nije kwenye siku ile.

Asubuhi yake, kama saa tano hivi, Mama alitoka barazani na kukuta bahari haipo. Alinishika mkono akaniuliza imekwenda wapi. Mbele yetu palikuwa na mchanga mtupu na vidimbwi, na mbali sana, karibu na mwamba ambako mawimbi yalionekana kama mstari mweupe, wanawake wa Jambiani walikuwa wameinama wakishughulikia mwani wao kwenye kamba. Sisi wa ziwani hatukulijua hilo kwa macho. Tanganyika haliondoki mchana likarudi jioni. Likipanda hupanda kwa miaka ya mvua nyingi, kama lilivyofanya 2020 na 2021 lilipoyafikia majengo ya watu, na likishuka hushuka taratibu. Mwenye nyumba, mama mmoja wa hapohapo, akamweleza Mama kwa upole kwamba hayo ni maji ya bamvua, yanayofuata mwezi mpevu, hukimbia mbali na kurudi kwa nguvu, na kwamba siku hiyo yangejaa kamili mnamo saa kumi na moja na nusu jioni. Mama akacheka kwa furaha. Akamwambia kwamba kwao Kigoma mwezi mpevu ni likizo, kwa kuwa dagaa hawavuliki kwa taa kukiwa na mbalamwezi, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Wakaongea kuhusu mwezi mpaka adhana ya adhuhuri.

Wewe ulikuwa umetoka asubuhi na rafiki zako kwa mashua, kwenda kutazama samaki wa kwenye matumbawe. Sikukulaumu kwa hilo na sikulaumu hata sasa. Mtu anayefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kucheka na wenzake. Ulisema utarudi saa tisa.

Baada ya alasiri Mama alijifunga kanga moja, nyingine akaikunja na kuipakata mapajani ili ajifutie akitoka majini. Alivua kandambili zake akazipanga sambamba chini ya kiti. Mwenye nyumba alimwonyesha juu ya mchanga ule mstari wa majani makavu ya bahari ambapo maji yangeishia, naye akawa anautazama huo mstari na maji yanayousogelea. Kivuli cha makuti kilipohama, alihamisha kiti. Aliletewa chai akasema atakunywa akitoka kuoga. Nilimwambia, "Mama, twende mimi na wewe, maji yamefika," akanijibu, "Nimekubaliana na mwanangu. Akinikuta nimeshalowa atajisikia vibaya." Ndipo nilipompiga ile picha nikakutumia, na nikaandika: Mama anakungoja. Ulijibu, "Nakuja."

Hiyo ndiyo picha uliyoiweka, mdogo wangu. Anachekea simu yangu kwa sababu nilimwambia kwamba naipeleka kwako. Itazame tena, utaziona hizo kandambili chini ya kiti, na ile kanga mapajani, kavu.

Mlirudi giza limeshaingia. Mama alikuwa ameshavaa kandambili zake, ameswali magharibi, na maji yalikuwa yameshaanza kurudi nyuma. Nilikufuata mpaka kwenye ngazi nikakwambia kwamba amekaa hapo tangu alasiri. Ulikuwa umemshika rafiki yako begani, ukanijibu kwa kicheko, kwa sauti iliyofika chumbani kwake maana dirisha lilikuwa wazi: "Mama ameishi kwenye maji maisha yake yote, bahari itamshangaza nini?"

Sentensi hiyo sijaweza kuiondoa kichwani. Nimejaribu kuiombea dua. Ni kweli kwamba Mama aliishi kwenye maji, lakini wewe, kuliko mtu mwingine yeyote, unajua aliishije. Ziwa lina kina cha mita 1,470, na yeye alichokijua ni pale Kibirizi ambapo mitumbwi inatia nanga alfajiri, wanawake wanagombania dagaa wakiwa wabichi, kisha wanawaanika, wanawageuza, wanawafukuzia kunguru na kukimbia mvua nao. Kwa dagaa hao ulilipiwa shule, na pia sanduku la bati ulilokwenda nalo bweni. Katika miaka yote hiyo sikumwona Mama hata mara moja ameketi mbele ya maji mikono yake ikiwa haina kazi. Mapumziko uliyomlipia yalikuwa hayo hasa: kukaa kando ya maji bila beseni, na mtoto wake akiwa ubavuni. Chumba, pweza wa nazi na madafu vilikuwa nyongeza nzuri, na alivishukuru, lakini alichokifuata kutoka Kigoma kilikuwa wewe.

Najua utanijibu kwa lile la alfajiri, kwa hiyo nilieleze hapa liishe.

Siku ya pili yake tulikuwa tunaondoka. Mwenye nyumba alikuwa ametuambia kwamba maji yangejaa tena alfajiri, karibu na saa kumi na mbili, na kwamba baada ya hapo yangekimbia mpaka mchana, wakati ambao sisi tungekuwa tumeshafika mjini kusubiri boti. Hakukuwa na wakati mwingine. Tulipomaliza kuswali nilimwambia Mama tutoke. Nilibisha mlango wako. Nilitaka kubisha tena, naye akanizuia mkono: "Mwache alale, jana amechoka." Tukaenda. Aliingia mpaka magotini, halafu mpaka kiunoni, amenishika mabega, na kusi lilikuwa limepoa. Alichota maji kwa kiganja akayaonja, akasema, "Hii chumvi ni kali kuliko ya Uvinza." Kisha jua likachomoza kutoka ndani ya maji, naye akashangaa mno, kwa sababu sisi tumezoea kuliona jua likizama ng'ambo, nyuma ya milima ya Kongo, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu ambao kwao maji yako upande wa mashariki. Alisema nikuamshe uje uone. Nilipogeuka kutazama nyumba, taa ya chumba chako ilikuwa bado imezimwa, nami nisingeweza kumwacha peke yake kwenye mawimbi na miguu ile.

Wewe ulilichukua jambo hilo kuwa wizi. Pale bandarini Malindi, mbele ya mkeo na abiria, ulisema kwamba nilifanya makusudi ili nionekane mtoto mwema, kwamba nimekuibia zawadi uliyoigharamia, na kwamba siku zote nimekuwa nikikutangulia kwa Mama. Mama alikuwa ameketi juu ya begi lake akijifanya anatafuta tiketi. Tangu siku hiyo mimi na wewe tumekuwa tukiongea mambo ya fedha na maradhi tu, na baadaye mambo ya mazishi.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningepaswa kumzuia Mama asiingie majini ili kuilinda ahadi yako. Jibu langu ni hapana, na litaendelea kuwa hapana. Mimi ndiye niliyebaki Ujiji. Mimi ndiye niliyempeleka kliniki, niliyempaka mafuta magoti usiku, niliyejua kwamba safari ile hatairudia. Wewe uliamini kwamba kuna kesho, na mtu anayeishi mbali huamini hivyo kirahisi. Anayeamka kila siku akimsikiliza mzazi anavyopumua hawezi. Sikukuibia kitu. Nilitimiza ahadi yako wakati wewe umelala, na kama ningelazimika kuchagua tena kati ya hasira yako na magoti ya Mama kuguswa na bahari, ningefanya vilevile.

Wala usidhani kwamba naandika haya kwa kukosa mapenzi. Wewe ndiye uliyekuwa ukilala mgongoni kwangu Mama alipokwenda Kibirizi usiku. Siku ya khitma, ulipolia, mimi ndiye niliyekuletea maji, na nilitaka kukukumbatia, lakini ulikuwa ndio kwanza umemaliza kuwaambia wazee kwamba angalau ulimpeleka Mama Unguja akapumzike na akaogelea nawe baharini. Kwamba ulimpeleka ni kweli, na Mwenyezi Mungu akulipe. Hilo la kuogelea nawe halikutokea, na Mama mdogo, ambaye Mama alimsimulia kila kitu tuliporudi, alikuwa ameketi nyuma yako akilisikia.

Nimesikia kwamba sasa unataka kumpeleka Mama mdogo Unguja mwezi wa saba. Amefurahi, ameshaanza kuniuliza kuhusu boti kama inatapisha. Mpeleke. Nina masharti ambayo nakuomba uyachukue kama ya dada na siyo ya adui: uliza majira ya maji kabla ya kukata tiketi, ili siku mtakazokuwa huko maji yajae saa ambayo mzee anaweza kutoka, rafiki zako waende wiki nyingine, na ukimwahidi saa tisa, iwe saa tisa. Akitaka kukaa barazani tu bila kwenda popote, kaa naye, usimtafutie mashua.

Kuhusu picha, sitaki uiondoe. Ni nzuri, na watoto wake wote wanaipenda. Ondoa yale maneno ya chini yake, na kama utaona inafaa, andika kwamba hapo alikuwa anakungoja. Nakuomba ulifanye hilo kabla Mama mdogo hajakatiwa tiketi, maana ameniambia kwamba hatapanda treni mpaka mimi na wewe tuwe tumesemezana, na nauli za msimu huo, kama unavyojua, huwahiwa mapema.

Dada yako,
Ujiji