Somo yangu, usiziache maili zako barabarani

Columbus, Ohio
8 Februari 2026

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila baridi imetushika.

Tangu tulipoongea Jumapili neno lako moja halijanitoka: kwamba maili zote ulizoendesha mwaka jana kutoka nyumbani kwenda kukalimani hospitalini na mahakamani hazidaiwi kwenye kodi, eti ni safari ya kwenda kazini tu. Na mimi niliambiwa hivyo, nikaamini, na mwaka wangu wa kwanza sikudai hata senti. Nilipokuja kujua, iliniuma sana.

Mwenye ofisi mahali pengine kweli hawezi kudai safari ya kutoka nyumbani kwenda ofisini kwake. Lakini wewe ofisi yako ni kile chumba cha nyuma. Humo ndimo unamopanga miadi, unamoandika ankara, unamokalimani kwa simu. Kama ni cha kazi tu, siku zote, na ndicho kituo kikuu cha kazi yako, basi ukiwasha gari kwenda kwa mteja unakuwa umetoka ofisini tayari. Maili zinaanzia pale pale nje ya nyumba yako.

Kwenye hilo la "kazi tu" nakuomba uwe mkweli, somo. Meza ya chakula wanapofanyia watoto kazi za shule haikubaliki. Si lazima kiwe chumba kizima, hata kona iliyotengwa inatosha, ila isiingiliwe na mambo mengine.

Kwa mwaka 2025 IRS, idara ya kodi ya Marekani, inaruhusu senti 70 kwa maili. Ulisema umefika kama maili 9,000. Hizo ni dola 6,300, zinatolewa kwenye mapato yako ya Schedule C, ile fomu ya waliojiajiri, kabla hujakokotolewa kodi ya mapato na ile ya asilimia 15.3 inayotuelemea sisi tuliojiajiri. Mafuta, bima na matengenezo vimo humo humo, usividai tena. Maegesho kwa mteja na ada za barabara za kulipia, na huko Dallas ziko nyingi, unadai kando.

Safari za kutoka nyumbani kwenda zamu zako za ghalani ziache. Kule umeajiriwa.

Sasa daftari: tarehe, ulikokwenda, kazi gani, maili ngapi. Jina la mgonjwa usiliandike kabisa, namba ya miadi inatosha. Za mwaka jana zitoe kwenye barua pepe za miadi na ankara, safari moja moja, bila kukisia. Za mwaka huu ziandike kabla hujashuka garini. Mimi langu nimeliweka kwenye mfuko wa mlango wa dereva.

Mwisho wa kupeleka fomu za kodi ni 15 Aprili. Jumamosi jioni nitakupigia. Ziweke mezani ankara za Januari hadi Machi mwaka jana, tuanze nazo.

Wabusu watoto.

Ni mimi somo yako