Mraibu asisubiriwe mpaka aharibikiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na familia zenye mtu anayelewa kupita kiasi au anayetumia dawa za kulevya. Mimi ni muuguzi ninayehudumia waraibu. Kauli ninayoisikia kila mara kutoka kwa ndugu ni hii: "Tulimwacha mpaka atakapotaka mwenyewe." Wengine wanaamini kabisa kwamba mlevi hatibiki mpaka dunia imfunze. Imani hiyo inaua watu.

Wengi wanaletwa kwetu wakati kazi imeshapotea, macho yamekuwa ya manjano na tumbo limejaa maji. Ini la mnywaji likiwa ndiyo kwanza limeanza kujaa mafuta, akiacha pombe mara nyingi hupona. Likishajaa makovu, sisi hubaki kuzuia lisiharibike zaidi. Anayejidunga heroini naye, kila anapochangia sindano anajiweka kwenye hatari ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C. Sasa tunasubiri nini?

Nimewaona walioletwa na wake zao wakinung'unika, hawataki hata kukaa kitini, lakini baada ya kusikilizwa bila kukaripiwa wakarudi wenyewe wiki iliyofuata. Hamu ya kupona huja hata katikati ya tiba.

Dalili za mwanzo huwa wazi, ila tunazifumbia macho. Mtu asubuhi hawezi kushika kikombe cha chai kwa jinsi mikono inavyotetemeka, akipiga funda moja la pombe inatulia. Hapo mwili umeshaizoea. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 tu kuhusu unywaji, na mhudumu hulimaliza kwa dakika chache.

Ninachokiogopa zaidi ni familia kumfungia mtu chumbani ili aache ghafla. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu anaweza kupata degedege, akaweweseka na hata kufa ndani ya siku chache za kwanza. Anahitaji dawa na uangalizi. Kwa heroini hatari huja kwa njia nyingine: arosto, yaani maumivu yanayompata mtu akikosa heroini, ni mateso makubwa ingawa mara chache huua, lakini mwili ukishakaa bila heroini hupoteza ule uzoefu wake wa kuihimili. Akitoka akatumia kiasi kilekile cha zamani, pumzi hukata. Tumewazika vijana kwa namna hiyo, na ndugu zao walidhani wameshapona.

Methadoni na buprenofini, dawa anazopewa mraibu wa heroini ili kutuliza arosto, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu anayekunywa methadoni yake asubuhi, arosto ikatulia, akaenda kazini na jioni akala na watoto wake, huyo anatibiwa.

Ndugu msomaji, zungumza naye akiwa hajalewa, mkiwa wawili, umwambie ulichokiona bila kumtukana. Jitolee kumsindikiza kituo cha afya. Akikataa, mrudie tena siku nyingine, na wewe nenda hata bila yeye ukapate ushauri wa namna ya kuishi naye na cha kufanya akizidiwa usiku.

Muuguzi, huduma za waraibu