Bering haikuwa daraja, ilikuwa nchi

Mhariri,

Mchoro uliochapishwa kwenye ukurasa wenu wa elimu, kuhusu binadamu wa kale walivyotoka Asia hadi Amerika, unaonyesha ukanda mwembamba wa ardhi na mshale mmoja juu yake. Mtoto akiutazama ana haki ya kuuliza daraja hilo lilijengwa na nani.

Leo kati ya Siberia na Alaska kuna mlango-bahari wa Bering, upana wake kama kilomita 85 na kina chake mita 50 hivi tu. Enzi ya barafu ilipofikia kilele, kati ya miaka 26,000 na 19,000 iliyopita, bahari ilishuka kwa takribani mita 120. Sakafu ile ikawa nchi kavu iliyopita kilomita 1,000 kutoka kaskazini hadi kusini. Safari ya barabara ya Kisumu hadi Mombasa haifiki huko. Ilikuwa nyika ya baridi yenye farasi mwitu na mamothi, yaani tembo wa kale wenye manyoya. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema leo navuka bara. Watu walifuata wanyama, wakazaa, wakazika wazee wao, na waliofika upande wa pili walikuwa wajukuu wa vitukuu.

Walimu wanaotaka kueleza bahari ilishukaje wanaweza kutumia barafu ya wauza samaki. Chukua ndoo mbili zinazoonyesha ndani, tia maji sawa, na katika kila moja weka jiwe pana linalochomoza juu ya maji. Kwenye ya kwanza, weka nusu kilo ya barafu juu ya jiwe. Kwenye ya pili, nusu kilo ielee majini. Barafu ikishakaa, ndipo uchore alama ya usawa wa maji. Ikiyeyuka, maji ya ndoo ya kwanza yatapanda, ya pili yatabaki palepale. Makosa ni mawili: kuchora alama kabla ya kuweka barafu, na kuacha vipande viteleze kutoka kwenye jiwe, maana hapo ndoo zote zitatoa jibu moja. Ndoo zikae kivulini, la sivyo jua litapunguza maji. Kisha darasa lifikirie kinyume chake: maji ya bahari yakawa mvuke, yakaanguka kama theluji juu ya Kanada, yakakwama huko maelfu ya miaka.

Barafu hiyohiyo iliyofungua njia ya Bering ndiyo iliyoziba njia ya kusini. Upenyo kati ya barafu, katikati ya Kanada, ulifunguka kama miaka 13,800 iliyopita, ilhali nyayo za watu huko White Sands, New Mexico, Marekani, zina miaka kati ya 21,000 na 23,000. Kwa hiyo mshale mmoja hautoshi. Wengi sasa wanaipa uzito njia ya pwani ya Pasifiki.

Umri wa nyayo hizo ulipingwa, na kwa sababu nzuri. Vipimo vya kaboni vya mwaka 2021, vinavyokadiria umri kwa kaboni iliyomo, vilitumia mbegu za mmea wa majini, ambao unaweza kufyonza kaboni ya kale iliyoyeyuka majini na kuonekana mkongwe kuliko ulivyo. Mwaka 2023 watafiti walipima chavua ya miti ya nchi kavu, inayovuta kaboni hewani, pamoja na chembe za kwatzi, madini ya mchanga yanayopimwa umri bila kutumia kaboni. Majibu yakaafikiana. Hatua hii ya kurudia kipimo kwa njia nyingine inastahili nafasi darasani kuliko tarehe zenyewe.

Wanafunzi wa Kisumu wana mfano wa karibu pia. Ziwa Victoria lilikauka mwishoni mwa enzi hiyo ya barafu, kama miaka 17,000 iliyopita, na mashapo ya sakafu yake yana tabaka la udongo wa nchi kavu. Lakini chanzo kisichanganywe: kule Bering maji yalifungwa kwenye barafu, huku kwetu mvua ndiyo iliyopungua.

Mkiuchapisha mchoro huo tena, tunaomba muuchore ufuo wa zamani, ule wa mita 120 chini ya huu wa leo, na barafu ya Kanada ionekane.

Walimu wa Jiografia na Historia,
Kisumu