Mama, karafuu zako nimezifikisha kwao

Asalaam alaykum mamaangu, shikamoo, na bibi mwambie namshika miguu yake yote miwili hata ule unaomuuma. Mie mzima alhamdulillah. Najua mmenuna kwa kimya changu cha wiki mbili, simu ilitumbukia majini nikishuka botini (msicheke, ntakuelezeni siku nyengine), sasaivi natumia kompyuta ya chuo ndo maana naandika barua nzima kama watu wa zamani. Dada akusomee taratibu na asiruke pahala, namjua.

Sasa ile safari nlokwambieni, ya kwenda kwao mwenzangu wa chumbani, nimekwenda na nimerudi. Ternate, huku huku Indonesia. Kutoka hapa Makassar unapanda ndege, unashuka kwenye kisiwa kidogo cha duara chenye mlima mmoja tu umekaa katikati, Gamalama, mita 1,715 kwenda juu, na ni volkeno hasa, unaripuka ukitaka, na watu wamejenga miguuni mwake wamelala zao usingizi. Vilima vyetu vya Pemba unavimaliza kabla hujaanza kuhema, huu nlivouona nkasema bas, hapa mie mgeni wa kweli kweli.

Kwanza nikwambieni habari ya saa maana hii bado inanichekesha. Huku Makassar tuko mbele yenu saa tano, kila nikitaka kupiga simu lazima nitoe nijumlishe na bado nakosea namuamsha bibi. Ternate wako mbele saa sita. Na wao saa wanahesabu kizungu, kuanzia usiku wa manane, sie tunaanzia magharibi na alfajiri. Sasa tazama inavokuja: saa ya ukutani pale seblen kwao ikionesha moja, kwao ni mchana wa jua kali watu wanakula, na kwenu ni saa moja asubuhi. Ikionesha tisa, kwenu saa tisa. Sipigi hesabu tena, natazama mshale tu najua bibi saivi yuko kwenye chai na muhogo wake, siku nne nlizokaa pale nlikuwa kama nna saa ya nyumbani imetundikwa kwenye ukuta wa watu.

Haya, karafuu. Mnakumbuka mama ulinitilia kile kifuko cha robo kilo ukasema usende kwa watu mikono mitupu, wape karafuu za Pemba hawajawahi kuona? Mamaangu. Tumetoka uwanja wa ndege kwa pikipiki, mie nyuma begi mgongoni, tunapita kijijini naanza kusikia harufu ya karafuu, nkajua bas kifuko kimepasuka nguo zangu zote zishakuwa pilau. Nkamwambia mwenzangu simama. Nkafungua begi, kifuko kizima na fundo lako liko vile vile. Kunyanyua macho, barabara nzima ubavuni imetandikwa maturubali na karafuu zimeanikwa, nyengine bado zina wekundu, nyengine zishapiga weusi, mtoto kakaa na kijiti anafukuza kuku. Nlikuwa kama nipo Mtambwe mwezi wa mavuno. Mwenzangu ananitazama, hajui kwa nini mtu kasimama njiani kashika kifuko anacheka peke yake.

Na zawadi nkaitoa hivo hivo, ningefanyaje. Bibi yao mzee sana, kakaa ubarazani anachambua, kwa kiganja anazitoa makonyo, vile vijiti vyake, vile vile, yani ungemuweka yeye na bibi yetu kwenye jamvi moja wasingehitaji mkalimani. Akachukua karafuu moja ya kwetu akaivunja kwa ukucha kutazama mafuta, akainusa, akaitafuna. Kimyaa. Mie jasho linanitoka utadhani nimo kwenye mtihani. Alafu akasema zimekauka vizuri, aloanika anajua kazi. Mama hiyo sifa yako, pokea. Akauliza zinatoka wapi, nkamwambia kwetu Afrika, kisiwa cha Pemba, akasema, kwani nyinyi mti mliupata wapi?

Hapo nkanyamaza kidogo. Maana bibi yetu miaka yote anatwambia karafuu Mungu katupa sie Wapemba, na skuli tulisoma kwamba iliingia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, tukajibu mtihani tukasahau. Pale ndo imenikaa. Ulimwengu mzima, asili ya mkarafuu ni visiwa vichache tu vya Maluku ya kaskazini, Ternate, Tidore na vya jirani, kwengine kote hakukuwa na hata mti mmoja. Waholanzi walipoishika biashara wakataka ilimwe Ambon na visiwa vya karibu yake peke yake, mwaka 1652 wakamfanya Sultani wa Ternate atie saini, mikarafuu ya watu ikakatwa, kwao wenyewe! Wanamlipa sultani, mkulima anakatiwa mti wake. Alafu Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, akapanga miche iibiwe, ikafika Morisi mwaka 1770, na kutoka visiwa vya upande ule ndo ikaja kwetu. Yani sie tumekula matunda ya wizi, na Seyyid Said akaifanya utajiri. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, ndo na leo tunajisifu. Bibi asikasirike lakini. Nlimjibu yule mzee kwamba mti ulitoka kwenu, akacheka hana meno akasema, kumbe umefika mbali hivo.

Kuna mikarafuu ya zamani mlimani wanaiita Afo, wa kwanza ushakufa limebaki gogo, wanasema ulipona kukatwa na Waholanzi kwa sababu ulikuwa juu hawakuuona. Nimepanda kuutazama, nimegusa, ni gogo tu mama, lina kuvu. Nlidhani ntahisi kitu, nkahisi miguu inauma.

Kilonishika khasa ni ngazi. Wao mchumaji hapandi matawi kama sie, wana mwanzi mmoja mrefu umetobolewa umetiwa vijiti vya kukanyagia, unasimamishwa wima ubavuni mwa mti unafungwa kamba huku na huku, mtu anasimama nje ya mti anachuma na kigoe anavutia tawi. Nlisimama nkaitazama ile ngazi mpaka baba mwenyeji akaniuliza nna nini. Nkamhadithia Mjomba, tawi lilivomvunjikia, na ule mguu. Akasema na huku wanaanguka, mwanzi nao unavunjika, kila mwaka. Sikuwa najua niseme nini. Mwambieni Mjomba nimempigia picha za ngazi, simu ikikauka ntamtumia, aone kama fundi wa kwetu anaweza, mianzi tunayo.

Bei sasa. Kwetu unapeleka Shirika la serikali, bei inajulikana. Kwao anakuja tajiri na mizani yake, asubuhi bei hii jioni bei ile, na ukiwa na shida ya ada za mtoto unauza tu. Nkasema bora nyie mnauza mtakapo, baba mwenyeji akasema miaka ya 90 na wao waliwekewa mnunuzi mmoja, mambo yakaharibika watu wakaacha karafuu ikachanua mtini. Tukabishana mpaka kahawa ikapoa, kila mtu anaitamani hali ya mwenzake.

Na wanazifanyia nini? Kaa kitako bibi. Wanazivuta. Karafuu inasagwasagwa inachanganywa na tumbaku, sigara zao wanaziita kretek kwa ule mlio wake ikiungua, kre-tek kre-tek, zilianzia Kudus kule Java kwenye miaka ya 1880, na karafuu nyingi ya nchi hii inaishia mdomoni hivo. Miaka ya nyuma ya kwao haikuwatosha wakawa wananunua Zanzibar, wao ndo walikuwa mteja wetu mkubwa mpaka walipopanda ya kwao wakajitosheleza. Kwahiyo zile ulizokuwa unachambua ujana wako mpaka vidole vikiwa vyeusi bibi, nyingi wanaume wa Java wamezipuliza angani. Na jikoni karafuu hawatii sana! Nkawauliza pilau mnatia nini, hawajui pilau. Nkawambia kwetu bi harusi anasingwa kwa msio wa karafuu, wanawake wa pale wakapigana vikumbo kwa kucheka, kisha wakaanza kuuliza inasagwaje na inatiwa na nini. Nkawambia hayo ya kike nitamuuliza mamaangu. Kwahiyo mama niandikie.

Chakula. Kuna kitu kinaitwa papeda, wanga wa mti wa sago unakorogwa na maji ya moto ukawa kama gundi, unaona mpaka chini ya bakuli, wanakizungusha kwa vijiti viwili kinajikunja kinatumbukia kwenye sahani, hutafuni, unameza tu. Nkasema hiki sitokiweza. Alafu nkafumba macho nkameza, si uji wa uwanga huo! Ule ule wa tukiumwa tumbo. Na mchuzi wake wa samaki wa manjano, bizari, ndimu, bila nazi, umetoka sufuriani kwako ukasafiri bila mie kujua. Niliongeza mara tatu. Ila ndizi za kukaanga, ambazo nlijua hizi ni zetu hazinipi tabu, wanakuletea na pilipili ya kuchovya. Ndizi na pilipili. Nimekula kwa heshima ya watu.

Mbuzi ya kukunia nazi wanayo, unaikalia vile vile. Mbilimbi wanaita belimbing, doriani durian, shokishoki rambutan na wanauza kwa mafungu kama kwetu. Dunia ni dunia, bendera ni bendera, sabuni ni sabun, riziki ni rezeki, ukisikiliza kwa mbali unadhani watu wa Wete wanagombana. Ukisogea hufahamu kitu. Na yale yanayofanana ndo ya kuyaogopa, siku zangu za mwanzo nliagiza kuku wa kukaanga, kumbe kuku kwao ni kucha. Bibi ni shangazi. Na dada usikasirike, dada kwao ni kifua, mkahawani wanakuuliza unataka dada au paha, na paha ni paja. Kaka tu ndo amepona, kakak, ila hata mwanamke wanamuita hivo.

Ijumaa nkajitia Mpemba, nkavaa saruni yangu na kofia ya viua ulonishonea, saruni hizi hizi tunazonunua Darajani zina karatasi inasema zimetoka Indonesia, nkasema leo ntaingia mskitini kama mtu wa hapa. Mskiti mmoja wa zamani sana. Mzee wa mlangoni akanizuia, kwa upole lakini akanizuia, mskiti ule hauingiwi kwa saruni, ni suruali na kofia, desturi yao toka zamani. Katika nchi ilonishonea saruni! Nkakimbia nyumbani kubadilisha, nkarudi khutba ishaanza. Kofia lakini waliisifu, mmoja alitaka kuinunua, nimemkatalia mama, nakuapia.

Usiku wa mwisho tulikaa ubarazani, bibi yao akaniletea kikombe cha maji ya tangawizi na sukari ya mnazi, juu yake vipande vya kenari, kokwa kama lozi, zinaelea, akanitilia karafuu zake kwenye kile kile kifuko chako. Zile zetu kaziweka kwenye gilasi, hazivuti wala hazipiki, kaziweka tu dirishani watu wakipita anawaonesha.

Kuna mwanafunzi mwenzetu anarudi Unguja mwezi ujao, atakupigia simu ukamtume mtu bandarini akipokee kifuko. Ni kidogo, za jikoni tu. Usizichanganye na zetu. Mpe bibi moja ya kwao na moja yetu, usimwambie ipi ni ipi, mwache anuse atafune kisha uniandikie alosema, neno kwa neno hata akitukana. Yule mzee wa Ternate ameniomba nimpelekee jawabu na kwa umri wake sitaki kumchelewesha.

Mjomba asipande mti mwaka huu. Nawapenda nyote, wasalaam.