Kutoa upepo kwenye breki ukiwa peke yako

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu Masanja,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto wote hapo Sengerema. Nimepata ujumbe wako kwamba pedeli ya breki ya gari lako la Noah inakanyagwa mara mbili tatu ndipo breki zishike, na huna mtu wa kukukanyagia pedeli wakati wewe uko chini. Tafadhali usiliendeshe barabarani hivyo. Huenda upepo umeingia kwenye mabomba ya breki: upepo hubanika, mafuta hayabaniki, kwa hiyo mguu wako unazama ukibana upepo tu na nguvu haifiki gurudumuni.

Kabla ya yote, hakikisha ni upepo kweli. Pedeli ikipanda kila unapopampu, ni upepo, au viatu vya breki za ngoma nyuma vimelegea. Virekebishe kwanza, maana dalili zake ni zilezile. Lakini ukiikanyaga na kuishikilia nusu dakika ikawa inashuka taratibu, hapo kuna mvujo au raba za masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedeli) zimekufa, na hakuna kutoa upepo kutakakokusaidia.

Sasa kifaa. Tafuta chupa ya maji ya nusu lita, kavu kabisa ndani. Duka la vifaa vya ujenzi nunua sentimita 60 za ule mpira mwangavu wa kupimia levo, ila chagua mwembamba, tundu milimita 5. Ncha moja itavaa skrubu ya kutolea upepo, ile ndogo iliyo kwenye breki ya kila gurudumu. Ichovye kwenye maji ya moto na uikaushe, itanyumbuka na kubana vizuri. Ncha ya pili unganisha sentimita 8 za mpira laini wa silikoni. Kiungo kizuri ni kipande cha bomba la chuma la breki kuukuu, ukifunga waya pande zote. Mwisho wa silikoni uzibe kwa bolti ya spana namba 10. Kisha kwa wembe mpya upasue kwa urefu wake, sentimita 1 tu, katikati. Ukikanyaga, mpasuko unafunguka na kutoa mafuta. Ukiachia, unajifunga na hakuna kinachorudi. Bolti nayo inauzamisha mpira chini ya chupa.

Hapo kwenye mpasuko ndipo wengi wanapokosea. Mpira mwangavu ni mgumu, mpasuko wake haujifungi. Mpira wa petroli huvimba ukikaa kwenye mafuta ya breki. Kama huna uhakika na mpira, loweka kipande usiku kucha kwenye mafuta hayo, ukivimba, tupa. Kabla kifaa hakijagusa mafuta, puliza: hewa itoke. Vuta: isiingie hata kidogo. Baada ya hapo usiweke mdomo tena, mafuta ya breki ni sumu.

Toboa kifuniko cha chupa matundu mawili, moja la mpira na dogo la kupumulia. Mimina mafuta mapya mpaka mpasuko uzame sentimita 3, na ining'inize chupa kwa waya juu kidogo ya skrubu.

Anza na gurudumu lililo mbali na masta silinda. Kwa usukani wa kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Ukiinua gari, egemeza stendi chini ya ekseli, hasa kama lina valvu ya mzigo nyuma, ile inayopunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu. Ekseli ikining'inia, valvu hiyo inadhani gari ni tupu na kubana mafuta ya nyuma.

Fungua skrubu robo mzunguko kwa spana ya ringi, namba 8 au 10. Isipokubali, gonga pembeni na uipe mafuta ya kutu usubiri. Ina tundu ndani, hukatika upesi. Nyuzi zake zungushie tepu nyeupe ya fundi bomba, usifike nchani, isije ikavuta hewa kando. Weka kipande cha mbao cha sentimita 5 chini ya pedeli, kwa sababu masta silinda ya zamani ikisukumwa hadi mwisho, raba hupita kwenye kutu na kuchanika. Kanyaga polepole, achia polepole, mara 8 hivi, halafu nenda kaangalie mpira. Povu likiisha, kaza skrubu kabla ya kuvua mpira.

Kila baada ya makanyago 8 ongeza mafuta kwenye kopo la mafuta ya breki, lililo juu ya masta silinda. Kopo likikauka umeingiza upepo upya na kazi inaanza mwanzo. Nusu lita inatosha kutoa upepo. Ukitaka kubadilisha mafuta yote andaa lita 1. Tumia DOT (daraja la mafuta ya breki) iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo, na chupa iliyofunguliwa miezi iliyopita usiitumie: mafuta haya hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya ziwani inao mwingi. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, ikishanywa maji inaweza kushuka hadi 155, na mteremko mrefu huifikisha huko. Oili ya injini usiiguse, inaua raba zote. Ikidondokea rangi ya gari, mwagia maji papo hapo.

Wapo wanaotumia pampu ya baiskeli kusukuma kutoka juu, kwa kufunga valvu ya tairi kwenye kifuniko cha kopo. Inafanya kazi kwa psi 10, isizidi 15. Usikubali kompresa ya mziba pancha. Kopo litapasuka usoni.

Kama gari lina ABS (mfumo wa umeme unaozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki) na kisanduku chake cha valvu kiliwahi kukauka, kifaa hiki huenda kisitoshe, itahitaji mashine ya fundi umeme. Mafuta machafu yafunge kwenye chupa, usimwage mtaroni. Mtaro wa kwenu unaishia ziwani.

Jaribu kwanza uwanjani, mwendo wa mtu. Nipigie ukimaliza gurudumu la kwanza, uniambie mafuta yametoka rangi gani.

Ndugu yako,
Maduhu