Alama za kunukuu zinawakwamisha wanafunzi wa kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wanaoandika miongozo ya kompyuta. Hapa Nyegezi, Mwanza, ninawafundisha vijana kutumia Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Mwongozo ulioandikwa kwa watumiaji wa Linux, mfumo wa kompyuta kama ulivyo Windows, huwaelekeza kuhifadhi toleo jipya kwa kuandika git commit -m 'rekebisha bei ya sato'. Wakiiandika amri hiyo katika dirisha jeusi la Windows, yaani cmd, hujibiwa kwamba hakuna faili liitwalo "bei", wala "ya", kwa sababu huko alama ya kunukuu yenye kijistari kimoja haifungi maneno pamoja, hivyo sentensi hukatwa kila penye nafasi na Git huyadhania maneno yaliyobaki kuwa majina ya mafaili. Kijana huamini ameharibu mashine.

Vijistari viwili hukubalika pande zote, ingawa katika Bash, dirisha la amri la Linux, alama ya dola iliyo ndani yake bado hufasiriwa (wanaouza minofu nje ya nchi kwa bei za dola wajihadhari). Amri ya git reset HEAD^, ya kurudi toleo moja nyuma, nayo huifanya cmd isubiri mstari mwingine, ilhali HEAD~1, yenye maana ileile, haina shida pande zote mbili. Waandishi watueleze tangu mwanzo kila amri ni ya dirisha gani.

Mwalimu wa kompyuta,
Nyegezi, Mwanza