Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Songea

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Utamaduni wa Manispaa. Mkuu wa Shule. Walimu na wazazi wetu, shikamooni.

Tunakushukuru kwa kufika. Kazi utakazoziona leo zimetokana na mwaka mzima wa kumsoma msanii mmoja, Kapwani Kiwanga, aliyezaliwa Kanada mwaka 1978, baba yake akiwa Mtanzania. Makazi yake ni Paris. Alisomea anthropolojia na dini linganishi Chuo Kikuu cha McGill, na mpaka leo kabla ya kushika chochote huanza kwa kupekua nyaraka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tangu mwaka 2013 amekuwa akitafuta picha za sherehe za uhuru wa nchi za Afrika. Wengi wetu tungewatazama viongozi. Yeye hutazama maua yaliyopambwa mezani. Hutafuta mpambaji, maua yakapangwa upya kama ya siku ile, kisha huachwa ukumbini yanyauke mbele ya watazamaji. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Marcel Duchamp, tuzo kubwa ya sanaa ya Ufaransa, mwaka 2020. Katika video yake ya mwaka 2012, Vumbi, anafuta vumbi jekundu kwenye majani ya kando ya barabara hapa Tanzania. Sisi tunaokuja shule kwa miguu wakati wa kiangazi tunalijua vumbi lile! Mwaka 2024 aliiwakilisha Kanada kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa kule Venice, Italia, kwa shanga za kioo, zilizowahi kuwa fedha katika biashara.

Kilichotugusa zaidi ni maonyesho yake ya Paris mwaka 2014, yaliyohusu Vita ya Majimaji. Tulijiuliza: yeye ameitafuta akiwa mbali, sisi tunaokaa walikonyongewa mashujaa wale mwaka 1906 tumetafuta nini? Tukaanza na dawa ya Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewaaminisha wapiganaji wa vita ile kwamba ingegeuza risasi kuwa maji: maji, mtama, mafuta ya nyonyo. Kumbe mnyonyo unaota nyuma ya bweni letu, na kila Jumamosi tulikuwa tukiufyeka.

Changamoto yetu ni vifaa. Masimulizi ya wazee tunayarekodi kwa simu ya mlezi wetu, na ikijaa inabidi tufute ya mzee mmoja ili kumrekodi mwingine. Jambo hilo linatuumiza sana. Tunaomba utusaidie kinasa sauti kimoja, na barua ya utambulisho tuzione picha za zamani zilizoko Makumbusho ya Majimaji.

Mnyonyo wetu hatuufyeki tena. Upo kwenye chungu pale mlangoni, Mheshimiwa, na tunakuomba uanzie hapo kukagua maonyesho.

Tunaomba kuwasilisha.